Dhamana ya Mwalimu katika Ushangiliaji wa Vijana

Ushangiliaji wa Kimarekani, ulioanza mwaka 1898 katika Chuo Kikuu cha Minnesota kwa mwanafunzi mmoja kusimama mbele ya mashabiki na kuongoza kelele zao, leo umekuwa mchezo wa viungo ambao ndani yake msichana wa miaka 14 hurushwa hewani na wenziwe, akajizungusha huko juu, kisha akadakwa mikononi mwao. Na mtazamaji aliyevutwa na mavazi ya rangi aghalabu hatambui kwamba majeraha ya mchezo huu, ingawa ni machache yakilinganishwa na ya michezo mingine mingi ya shule, yatokeapo huwa miongoni mwa yaliyo mazito kabisa kwa wasichana: shingo kuvunjika, uti wa mgongo kudhurika, fuvu kupasuka.

Sababu hupatikana katika hesabu. Mwili uangukao kutoka kimo cha mita 3 hufika chini kabla ya sekunde 1 kutimia, ukiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na mwendo huo hauna budi kukomeshwa na kitu. Ukikomeshwa na godoro libonyealo sentimita 10, mwili hupokea kishindo ambacho wastani wake ni kama mara 30 ya uzito wake; ukikomeshwa katika sentimita 1 tu, juu ya sakafu ngumu, kishindo hukaribia mara 300. Ubongo nao, uliozungukwa na maji yake ndani ya fuvu, hausimami papo hapo mwili usimamapo. Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani, katika nasaha zao rasmi za mwaka 2012, walitaka piramidi za watu zisizidi kimo cha watu wawili, na zisijengwe kamwe juu ya sakafu ngumu, yenye maji au isiyo sawa.

Lakini godoro halina akili, na mwenye dhamana ni mwalimu. Yeye ndiye apimaye kama wabebaji wamekwisha kujua kumdaka mwenzao kutoka kimo cha kiuno kabla ya kumpandisha mabegani, na kama mlinzi wa nyuma, ambaye amali yake ni kuhifadhi kichwa na shingo ya aliye juu, haondoi macho yake kwake hata kwa kupepesa. Yeye ndiye awezaye kusema “bado” wakati wasichana wenyewe, kwa ujasiri wa umri wao na kwa haya ya kuonekana waoga, hawatalisema. Kumkabidhi kazi hiyo mtu ambaye sifa yake pekee ni kuwa na nafasi alasiri ni taksiri, nami sioni jina jingine la kuipa.

Kuna tatizo la sheria pia. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho huko Connecticut, katika shauri la Chuo Kikuu cha Quinnipiac, iliamua kwamba ushangiliaji wa mashindano ulikuwa haujafikia kuhesabiwa mchezo kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya usawa wa jinsia katika elimu. Madaktari wa watoto, katika nasaha zao zile, walitaka uhesabiwe, kwani jina la mchezo huja na uchunguzi wa afya kabla ya msimu, mtaalamu wa tiba za michezo, na makocha waliofunzwa.

Kuhusu mtikisiko wa ubongo, hiari ya mwalimu ina mpaka. Tangu jimbo la Washington litunge sheria yake mwaka 2009, majimbo mengine yakafuata, na mtoto anayeshukiwa kuumia kichwa huondolewa mazoezini, asirudi ila kwa idhini ya mtaalamu wa afya, hata akiapa kwamba yu mzima.

Salio ni mpango wa dharura, ambao hauna faida ukikaa kabatini: nani atapiga simu, nani atakaa na majeruhi bila kumruhusu mtu kuigeuza shingo yake, na nani mwenye ufunguo wa lango litakalopitiwa na gari la wagonjwa, iwapo mazoezi ni ya jioni na bawabu ameshakwenda zake.