Mwiko, kijiko au fandhaal?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Garissa ameniletea swali. Mwanafunzi wake, katika insha kuhusu babu yake, aliandika kwamba mzee huyo "huchonga fandhaal chini ya mti." Mwalimu akalikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika "kijiko" juu yake. Mtoto akabisha: "Kijiko ni cha duka, mwalimu. Babu hachongi kijiko." Nani yuko sahihi?

Wengi hudhani kijiko kimetokana na jiko la kupikia. La hasha! Kijiko ni udogo wa mwiko. Shina ni -iko, nalo kwa kuwa linaanza kwa irabu, ki-ji- husinyaa na kuwa kij-. Ndivyo mwana alivyotupa kijana, na nyumba ikatupa kijumba. Kwa asili, basi, kijiko ni mwiko mdogo tu, wala si lazima kiwe cha chuma. Ila matumizi yamekihamisha. Ukisema kijiko leo, watu wanaona chuma au plastiki; cha mti sharti ueleze kuwa ni cha mti.

Kisomali kimegawa mambo vizuri zaidi. Malqacad, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kijiko hiki cha dukani. Fandhaal ni cha mti, kilichochongwa kwa mkono. Mchongaji huteua tawi bichi, maana mti mbichi hukatika kirahisi kuliko uliokauka. Hulipasua kwa shoka kufuata nyuzi za mti, akalitoa umbo kwa tezo, kisha akachimba kikombe chake kwa kisu kilichopinda. Hakiachi juani, jua la Garissa likikikausha kwa ghafla kitapasuka. Mwisho hutia nakshi za mistari kwenye mpini. Miti jamaa ya manemane, iliyotapakaa Kaskazini Mashariki, inafaa kwa vyombo vya aina hii kwa kuwa ni laini.

Je, tukiite mwiko? Mwiko husonga ugali (na kwa mwashi hupaka saruji), hauendi kinywani. Fandhaal huchota na kulia. Upawa nao, kule Pwani, ni wa kifuu cha nazi. Sioni aibu kulikopa neno hili.

Tatizo ni tahajia. Katika maandishi ya Kisomali yaliyorasimishwa mwaka 1972, dh si ile ya dhahabu. Ni d inayotamkwa ulimi ukiwa umekunjwa nyuma. Mswahili akiliona neno hilo lilivyo atalitamka visivyo. Napendekeza fandali, ngeli ya I-ZI: fandali hii imechongwa, fandali hizi zimechongwa.

Na ile alama aliyokatwa mtoto, mwalimu, tafadhali mrudishie.