Filimbi za Zamani Hazikutupwa



Jumatatu ya Juma Kuu, Aprili 15, 2019, tulitazama kwenye televisheni paa la Kanisa Kuu la Notre-Dame, Paris, likiteketea. Wengi tulidhani kinanda chake kikubwa nacho kimekwisha. La. Kipo juu ya mlango mkuu wa magharibi, na moto haukukigusa. Kilichokinyamazisha ni vumbi: paa lile lilikuwa la madini ya risasi, na vumbi lake lenye sumu liliingia humo ndani.

Mwaka 2020 mafundi wakakifungua. Kina filimbi karibu 8,000, nyingine ndefu kupita nyumba, nyingine fupi kuliko kalamu. Zilisafishwa na kurudishwa mahali pake, kisha kila moja ikarekebishwa sauti kwa sikio la fundi. Kazi hiyo inataka ukimya, kwa hiyo waliifanya usiku, wajenzi wakiwa wamekwenda kulala. Desemba 7, 2024, Askofu Mkuu wa Paris alikiita kinanda mara nane kiamke, na kila mara kikaitika.

Lakini kilichonigusa zaidi ni jambo la zamani. Mwaka 1868 fundi Aristide Cavaillé-Coll alikikarabati na kukipanua hadi safu 86 za sauti. Angeweza kuanza upya kabisa. Badala yake alihifadhi filimbi nyingi za mafundi wa karne ya 18 waliomtangulia, akazijengea zake kando. Leo safu ni 115, na filimbi zilizotengenezwa kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa bado zinaimba pamoja na za juzi.

Nikisoma hayo naona haya. Parokia moja niliyoihudumia ilikuwa na kinanda cha kukanyaga. Waamini walipochanga tukanunua cha umeme, mimi mwenyewe niliagiza kile cha zamani kitolewe. Kilikaa nyuma ya stoo masika mawili, mchwa wakakimaliza. Mzee aliyekipiga, katekista mstaafu, hakulalamika. Alihama tu kutoka kwenye kwaya akaketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Wala sikumuuliza.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia namba 120, unakipa kinanda cha filimbi heshima kubwa, na papo hapo unaruhusu ala nyingine zinazofaa ibada. Basi cha umeme hakikuwa kosa. Vijana walikipiga vizuri, ingawa kwa sauti ya juu mno kwa masikio yangu! Kosa ni kwamba sikumwachia mzee nafasi.

Pasaka moja umeme ulikatika katikati ya Utukufu, tukaendelea kuimba bila ala. Nilimtazama kule nyuma. Miguu yake ilikuwa ikikanyaga sakafu taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Juzi nilimpigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Nikamwomba radhi kwa ajili ya kile kinanda. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama madaftari yake ya nota bado yapo stoo. Sikuwa na jibu. Nimemwomba paroko wa sasa ayatafute.