Nahodha, Nazi na Mizani ya Vifuu



Katika hadithi iliyopokewa na Nuuman bin Bashir (R.A.) na kupokewa na Imam Bukhari, Mtume wetu (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu waliopiga kura wakaingia chomboni, wengine wakapata sehemu ya juu, wengine ya chini. Wa chini walipotaka maji iliwalazimu kuwapitia wa juu. Wakaona heri watoboe tundu upande wao, wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, huangamia wote. Wakizuiwa, huokoka wote.

Historia ya maasi ya baharini yatuonyesha jinsi tundu hilo linavyoanza. Aprili 1789 merikebu ya Kiingereza, Bounty, ilikuwa ikitoka Tahiti na shehena ya miche ya mishelisheli. Nahodha wake, William Bligh, alikuwa hodari wa bahari, ila ulimi wake ulikuwa mkali. Tarehe 27 aliona lundo la nazi zake limepungua. Akawahoji maafisa wake, akawaita wezi hadharani, na msaidizi wake Fletcher Christian hakusalimika. Alfajiri ya pili yake Christian aliongoza uasi. Nahodha alifungwa kamba, akateremshwa katika mashua ya kama mita 7 pamoja na watu 18.

Hapa ndipo penye ibra. Mashuani, Bligh yule yule alitengeneza mizani ya vifuu vya nazi, akawapimia wote mkate kwa kipimo kimoja, yeye mwenyewe akiwemo. Baharia mmoja aliuawa na wenyeji wa kisiwa cha Tofua. Waliosalia walikwenda naye hadi wakafika Timor hai, tarehe 14 Juni. Elimu yake ya bahari ilikuwa ile ile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni namna ya kuwatendea walio chini yake.

Nyeri haina bahari, lakini bweni la shule nalo ni chombo, lina walio juu na walio chini. Mwezi Mei 1999, katika shule ya wavulana ya Nyeri High, wanafunzi waliwatia moto viranja wanne usiku chumbani mwao, na wote wanne wakafariki. Hakuna ugumu wa kanuni wala ukali wa mkubwa unaohalalisha dhuluma hiyo. Atoboaye chombo kwa hasira humzamisha mwenziwe, na yeye hubaki na dhima mbele ya Mola wake.

Basi sisi wenye watoto katika mabweni ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, wanaporudi likizo tusiulize alama za mtihani peke yake. Aliye kiranja tumuulize anasemaje na wadogo wake. Aliye chini tumuulize ana dhiki gani, na tumfunze kuipeleka kwa mwalimu au mzazi mapema, kabla haijawa siri ya usiku.

Na nyumbani, mama mwenye nyumba na baba, sisi ndio manahodha. Tusimwaibishe mtoto mbele ya nduguze kwa kitu kilichopotea kabla ya kuhakikisha. Binti anayetusaidia kazi apate katika chakula kile kile tulacho. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga.

Allah atujaalie uadilifu katika nyumba zetu, na awahifadhi watoto wetu popote walipo. Amin.