Kabla ya Kulipia Masomo ya Chuo Kikuu Nje ya Nchi

Masomo ya chuo kikuu nje ya nchi ni miongoni mwa manunuzi makubwa kabisa ambayo familia hufanya. Zipo familia zinazouza kiwanja au kuchukua mkopo ili mtoto mmoja asafiri. Hata hivyo, mlaji anayekagua kwa makini friji ya kununua mara nyingi hulipia shahada ya miaka mitatu kwa kuamini kipeperushi tu. Kasoro ya friji huonekana mapema, na fundi huitwa. Kasoro ya shahada huweza kugundulika siku mhitimu anapoomba kazi, wakati fedha na miaka vimekwisha kutumika.

Kwa sababu hiyo tunamshauri mwanafunzi na mzazi wake waanzie mwisho wa safari. Waulize kwanza shahada hiyo itafaa nini mhitimu akirejea nyumbani, ndipo wachague kozi, chuo na nchi.

Je, shahada itatambuliwa?

Nchini Tanzania, shahada iliyotolewa na chuo cha nje huwasilishwa katika Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ili itambuliwe. Jambo la msingi ni kama chuo kina ithibati katika nchi yake yenyewe. Jina kubwa na picha za majengo mazuri havithibitishi hilo. Nchini India, ambako wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki husoma, mamlaka ya vyuo vikuu iitwayo UGC huchapisha orodha ya taasisi bandia zinazojiita vyuo vikuu ilhali hazina haki ya kutoa shahada. Kuisoma orodha hiyo ni kazi ya dakika chache.

Mwombaji aulize pia iwapo sifa alizotumia kuingilia chuoni zitakubalika hapa nchini. Wanaosomea udaktari, uuguzi, ufamasia au uhandisi waliulize baraza la taaluma yao kabla ya kuondoka, kwa kuwa kila baraza lina masharti yake ya usajili. Anayekusudia kuwa wakili Tanzania Bara akumbuke kwamba shahada ya sheria peke yake haitoshi; hupaswa pia kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Gharama halisi ni ipi?

Ada ya masomo ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue mfano wa Ujerumani, nchi inayosifika kwa elimu ya bure. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo. Hata hivyo, ili kupata viza, mwanafunzi kwa kawaida hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, na kiwango kilichowekwa tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu jumla yake ni euro 35,712. Katika jimbo la Baden-Württemberg, wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa pia euro 1,500 kila muhula. Zaidi ya hayo, kozi nyingi za shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani, na baadhi ya waombaji hutakiwa kusoma mwaka wa maandalizi kwanza. Mwaka huo nao una gharama zake.

Uingereza ina hesabu nyingine. Pamoja na ada ya chuo na ada ya viza, mwanafunzi hulipia huduma za afya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na malipo ya miaka yote hufanywa kwa mkupuo wakati wa kuomba viza.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Familia iandike gharama za mwaka wa kwanza hadi wa mwisho: ada, chakula, pango, bima, viza na nauli. Kipato cha kibarua cha mwanafunzi kisiwekwe kuwa nguzo ya hesabu hiyo, kwani nchi nyingi huweka kikomo cha saa au siku za kazi.

Wakala anamtumikia nani?

Mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Hilo si kosa, lakini mlaji anapaswa kulijua, maana ushauri wa wakala huelekea zaidi kwenye vyuo vinavyomlipa. Tunashauri mwombaji aulize TCU iwapo wakala amesajiliwa, kisha awasiliane na chuo chenyewe kuthibitisha kwamba kinamtambua.

Ada ya masomo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kamwe isilipwe kwenye akaunti au simu ya mtu binafsi. Anayedai fedha ili “kuhakikisha” viza aepukwe, kwani uamuzi wa viza ni wa serikali ya nchi husika pekee. Vilevile, ufadhili wa Chevening wa Uingereza na ule wa DAAD wa Ujerumani huombwa bila ada ya maombi. Anayetoza fedha kwa ajili ya fomu zake ana nia mbaya.

Mambo yakiharibika itakuwaje?

Vita vilipoanza Ukraine mwezi Februari 2022, na Sudan mwezi Aprili 2023, wanafunzi wengi wa Kiafrika, wakiwamo Watanzania, waliondoka kabla ya kuhitimu. Aliye na matokeo yake rasmi mkononi huwa na njia nyepesi zaidi ya kuomba kuhamia chuo kingine. Kwa hiyo mwanafunzi achukue matokeo rasmi kila mwisho wa muhula, na nakala iliyothibitishwa itunzwe nyumbani.

Kabla ya kulipa chochote, mlaji adai majibu ya maandishi kwa maswali haya: viza ikikataliwa, ni kiasi gani kitarejeshwa, na ndani ya muda gani? Chuo kikifuta kozi, nani atabeba hasara? Ada inaweza kupandishwa katikati ya masomo?

Barua ya udahili, mkataba na stakabadhi zote zitunzwe pamoja, kwa sababu ndizo zitakazokuwa ushahidi wa mlaji iwapo atalazimika kulalamika. Wakala au chuo kikikataa kujibu maswali hayo kwa maandishi, malipo yasifanyike.