Hereni za tyubu: mwambie mteja ukweli
Nauza hereni hapa Kimandolu, nazikata kwenye tyubu za pikipiki zilizotoboka. Mwanzoni nilikuwa naandika tu "hereni nyeusi za kisasa". Niliogopa nikitaja tyubu watu watanikimbia. Dada mmoja wa Moshi akachukua pea sita za zawadi. Mzigo ulipofika akanitumia meseji ya sauti: "Mdogo wangu, mbona zinanuka gereji? Umeniuzia nini?" Nikamrudishia hela yote, na ya basi juu. Ilikuwa hela ya kodi hiyo.

Baadaye nikawafikiria Shanga, wako hapa hapa Arusha tangu 2007. Mafundi wao, wengi wenye ulemavu, wanayeyusha chupa tupu kuwa shanga, na hawafichi. Cyrus Kabiru wa Nairobi naye anaunda miwani ya ajabu kwa vyuma chakavu, na chakavu ndiyo kila mtu anaisimulia.

Sasa picha yangu ya kwanza ni tyubu chafu mkononi, ya pili hereni ikiwa sikioni. Chini naandika: mpira ni mwepesi, hata hereni kubwa haivuti sikio. Harufu je? Naosha kwa sabuni na maji ya moto, naanika siku kadhaa, nanusa mwenyewe kabla sijafunga. (Na kulabu jamani, msinunue zile za bei ya kutupa, masikio ya watu yanawasha.)

Yule dada wa Moshi hajanunua tena. Ila status zangu anaangalia kila siku.