Saa moja ya kutoka jasho: Mtoto wa Kinango asinyimwe mchezo

Ukisimama barazani Ndavaya au Puma useme kwamba unene wa kupita kiasi ni tatizo la watoto, wengi watakushangaa. Huku tunaujua ukame, tunaujua mwaka ambao mahindi hukauka shambani kabla ya kubeba. Takwimu za nchi pia zinaonyesha hivyo. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu nchini (KDHS) wa 2022 ulipata kwamba kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa, na 3 tu ndio wenye uzito uliozidi.

Kwa nini basi tuuzungumzie unene? Kwanza, kudumaa na kunenepa si mambo yaliyo mbalimbali. Mtoto aliyekosa lishe bora utotoni, kisha akaongeza uzito haraka baadaye, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Pili, kinachowakinga watoto wetu leo ni miguu yao: wanatembea kwenda shule, wanachunga mbuzi, wanateka maji, wanacheza hadi magharibi. Kinga hiyo inaweza kupotea katika muda wa kizazi kimoja. Tayari imewapotea watoto wengi wa mijini.

Yaliyopatikana Nairobi

Kati ya 2011 na 2013, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizoshiriki utafiti mkubwa wa kimataifa kuhusu unene wa watoto. Hapa nchini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walifuatilia watoto 563 wa miaka 9 hadi 11 jijini Nairobi. Watoto hao walivaa kifaa kidogo kiunoni kilichorekodi mwendo wao.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2014. Karibu watoto 21 kati ya 100 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wastani, mtoto alipata dakika 36 tu kwa siku za mwendo wa kutoka jasho. Waliofikisha dakika 60 zinazopendekezwa walikuwa asilimia 12.6.

Kipato cha nyumba, elimu ya wazazi na aina ya shule vilihusiana na hali ya mtoto. Katika nchi nyingi tajiri, unene huwaandama zaidi watoto wa maskini. Nairobi ilikuwa kinyume: watoto wa nyumba zenye uwezo ndio walioelemewa zaidi. Utafiti mwingine wa 2012 kuhusu vijana wa jamii ya Wanandi ulipata kwamba wa vijijini walijishughulisha zaidi na kukaa kitako kidogo kuliko wenzao wa mjini.

Somo kwetu ni hili: maisha yanapokuwa mepesi, mwendo ndio wa kwanza kupungua. Bodaboda inachukua nafasi ya miguu, simu inachukua nafasi ya kati na blada, na soda inachukua nafasi ya maji. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kumpandisha mtoto bodaboda kwa sababu ya umbali, ndovu au malori ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Lakini mwendo uliopotea asubuhi unahitaji kurudishwa jioni.

Saa moja ni ipi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo unaoongeza pumzi. Kipimo chake ni rahisi: mtoto anaweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba bila kuhema. Angalau siku tatu kwa wiki, mwendo huo uwe wa kuimarisha misuli na mifupa, kama vile kuruka kamba, kupanda mti au kuvutana kwa kamba.

Si lazima dakika hizo zipatikane kwa mkupuo. Dakika 20 za kutembea haraka kwenda shule, 20 za mapumziko na 20 za mchezo wa jioni zinatosha. Faida yake ni zaidi ya uzito: moyo na mifupa huimarika, usingizi huwa mzuri, na akili hutulia darasani.

Mpira pekee hautoshi

Wengi huamini kwamba mtoto aliye kwenye timu amekingika. Mwaka wa 2011, watafiti nchini Marekani walikusanya tafiti mbalimbali kuhusu swali hilo. Walikuta kwamba watoto wanaoshiriki michezo hujishughulisha zaidi na hula matunda na mboga zaidi. Lakini pia walikunywa vinywaji vya sukari zaidi na kula vyakula vya haraka zaidi. Ndiyo sababu haikuonekana wazi kwamba michezo peke yake huzuia unene.

Hesabu yake si ngumu. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina sukari ya zaidi ya vijiko 10 vya chai. Kwa makadirio, mtoto wa kilo 30 hucheza mpira karibu saa nzima ili kuitumia nguvu iliyomo ndani yake. Timu ikishinda mechi kisha ikapongezwa kwa kreti ya soda, faida kubwa ya jasho imerudishwa pale pale uwanjani. Maji safi, ndizi, embe au muhogo wa kuchemsha ni pongezi bora, na bei yake si kubwa.

Kwa makocha kuna funzo jingine. Utafiti wa 2011 wa wachezaji 200 wa miaka 7 hadi 14 nchini Marekani ulionyesha kwamba ni asilimia 24 tu waliofikisha dakika 60 za mwendo wakati wa mazoezi. Muda mwingi huishia kwenye foleni ya kusubiri zamu. Gawa watoto katika vikundi vidogo, ongeza mipira hata ikiwa ya makaratasi, na usiwaache pembeni wasio na kipaji. Jua la Kinango ni kali, kwa hiyo mazoezi yawe asubuhi au alasiri, na maji yawe karibu.

Mtoto aliyekonda kwa njaa haambiwi akimbie zaidi. Huyo anahitaji chakula kwanza: sima na kunde, mchicha, mchunga, maziwa au yai inapowezekana.

Wasichana wasiachwe

Takwimu za WHO zilizotolewa mwaka wa 2019 zinaonyesha kwamba duniani, asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi kiwango kinachofaa. Kwa wavulana ni asilimia 78, kwa wasichana ni 85. Hapa kwetu sababu zinajulikana: kazi za nyumbani baada ya shule, ukosefu wa sodo na mahali pa kubadilishia nguo, na dhana kwamba uwanja ni wa wavulana. Mavazi ya heshima si kizuizi. Tangu 2014, sheria za kandanda duniani zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa. Binti anaweza kucheza na hijabu yake na suruali ndefu.

Unachoweza kufanya

Usimpime mtoto kwa jicho. Chati ya uzito ya watu wazima haimfai, kwani uzito wake hulinganishwa na urefu, umri na jinsia. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au muulize mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwako. Aliye chini ya miaka mitano, nenda na kijitabu chake cha kliniki. Mtoto akipatikana na uzito uliozidi, asiitwe kibonge wala asinyimwe chakula. Badilisheni mlo na mwendo wa nyumba nzima.

Mwalimu, kipindi cha P.E. kisigeuzwe kuwa cha hesabu, hata mitihani ikikaribia.

Mkaazi, Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la huduma za afya za kaunti pamoja na shughuli na viwanja vya michezo, huku shule za msingi na sekondari zikiwa chini ya Serikali ya Kitaifa. Mikutano ya kutoa maoni kuhusu bajeti ikifika katika wadi yako, iwe Kasemeni, Mwavumbo, Mackinnon Road au Chengoni/Samburu, usitaje barabara na maji peke yake. Uliza pia kuhusu uwanja: uko wapi, umepimwa, na umezungushiwa ua? Ukishajengwa au kunyakuliwa, kuupata tena ni vigumu, na watoto watakaoukosa ni wako.