Mwalimu Asiyekuona

Siku ya kwanza ya Insanity, programu ya mazoezi ya video, ni ya kujipima. Kuna mazoezi manane, kila moja dakika moja, na kati yake mapumziko mafupi: mateke ya kupishana, magoti ya kasi, kuruka kutoka kwenye kuchuchumaa, kushuka sakafuni na kuinuka tena, pushapu za kurusha miguu. Unahesabu umefikisha ngapi, unaandika, na unarudia kipimo hicho kila baada ya wiki mbili hivi. Wengi ninaowafahamu huiruka siku hiyo kwa haraka ya kutaka kutoka jasho. Ni hasara, kwa sababu karatasi ile yenye namba nane ndiyo sehemu pekee ya programu inayomhusu mtu mwenyewe. Mengine yote yalirekodiwa Marekani kwa ajili ya yeyote atakayeyatazama.

Programu hiyo ilitolewa mwaka 2009 na kampuni ya Beachbody, mwalimu wake akiwa Shaun T. Ni ya siku 60, siku sita kwa wiki, bila vyuma wala mashine: mwezi wa kwanza kama dakika 40 kwa siku, kisha wiki moja nyepesi, halafu mwezi wa pili ambao kila siku inakaribia saa nzima. Haikuwa ya kwanza ya aina yake. Jane Fonda aliuza kanda zake za mazoezi tangu 1982, na P90X ya Tony Horton iliitangulia kwa miaka michache. Ila hii haidai chochote zaidi ya nafasi ya kutandika mkeka, na ndiyo maana inafaa kwa mtu wa chumba na sebule. Arusha utaikuta kwenye flashi, inapita mkono kwa mkono kutoka ofisini hadi mtaani, na jioni au alfajiri meza ya sebuleni inasukumwa ukutani.

Sababu za watu kuichagua ni za msingi na hazistahili kubezwa. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kulipa ada ya gym ya Njiro, akaongeza na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, kisha akapata mtu wa kumshikia mtoto. Saa kumi na moja alfajiri barabara za Sakina au Moshono bado zina giza, mbwa na pikipiki zisizo na taa. Mchana kuna macho. Nimesikia wanawake wengi wakisema waliacha kukimbia si kwa uchovu bali kwa maneno ya vijana wa kijiweni, na kwa mtu wa namna hiyo mlango uliofungwa ni nusu ya mazoezi.

Mlango huohuo, hata hivyo, umemfungia mwalimu nje. Shaun T anapiga kelele za kukutia moyo, lakini haoni goti lako likiingia ndani unapotua, hasikii unavyohema, hajui kama jana ulilala kwa saa nne tu. Mwalimu wa ukumbini angekugusa bega na kukuambia upumzike. Sebuleni kazi hiyo ni yako, na mtu anayeanza mara nyingi hana ujuzi wala ujasiri wa kuifanya. Anaona kusimama ni kushindwa.

Kati ya mambo anayopaswa kujiangalizia mwenyewe, kwanza kuna kupasha mwili. Kwenye programu nyingine sehemu hii ni ya kujinyoosha taratibu. Hapa ni mzunguko wa mazoezi unaorudiwa mara tatu, kila mara kwa kasi zaidi, ndipo kunafuata kunyoosha misuli. Anayeanza humaliza nguvu zake hapohapo, kabla somo halijaanza. Mwinuko nao una mchango wake. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Ilboru, Ng'iresi na vijiji vingine vilivyokaa kwenye mteremko wa Mlima Meru viko juu zaidi. Mgandamizo wa hewa mjini ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam, hivyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Aliyekulia hapa mwili wake umezoea. Aliyehamishiwa kikazi kutoka pwani mwezi uliopita ataishiwa pumzi mapema kuliko alivyowahi kuishiwa, na saa iliyo pembeni ya kioo itaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu ukishuka na vigae vikiwa baridi kama barafu, misuli inahitaji dakika za ziada za kutembea na kuzungusha viungo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza. Dakika hizo hazimo kwenye video.

Kisha kuna mpangilio wenyewe. Mazoezi ya vipindi yanayozoeleka ni ya kujikaza kwa muda mfupi na kupumzika kwa muda mrefu. Insanity imegeuza: unajikaza kwa dakika kadhaa, unapewa nusu dakika ya kunywa maji. Inafaa kujua kwamba jitihada ya juu kabisa haidumu. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake nchini Japani walichapisha utafiti wao uliosifika kuhusu vipindi vya sekunde 20 za kazi na 10 za mapumziko. Zoezi lote lilikuwa la kama dakika nne, na kufikia hapo vijana wenye mazoezi walikuwa hoi. Hakuna binadamu anayefanya kazi ya kiwango hicho kwa dakika 40. Kwa hiyo mtu anayeambiwa ajitoe kwa nguvu zote tangu mwanzo hadi mwisho anaambiwa jambo lisilowezekana, na akisimama katikati hajakosea. Tazama vizuri watu walio nyuma ya Shaun T: ni wanamazoezi waliochaguliwa, na bado wanainama, wanashika magoti, wanatoka pembeni kuvuta pumzi. Mimi huwaambia wanaoanza wawaangalie hao kuliko wanavyomwangalia mwalimu.

Maumivu ya misuli ni ya uhakika, na yanakuja kwa kuchelewa. Yanaanza siku inayofuata na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Anayeyajua vizuri mjini hapa ni mtu aliyepanda Meru. Kupanda hadi kileleni, mita 4,566, kunachosha mapafu, lakini paja huumizwa na kushuka: kutoka kibanda cha Saddle, mita 3,570, hadi geti la Momella ni karibu mita elfu mbili za kuuzuia mwili usianguke mbele. Msuli unaojikaza huku ukivutwa urefuke hupata michubuko midogo mingi. Kutua baada ya kuruka ni kazi ileile, na katika somo moja la Insanity unatua mara mamia. Ndiyo maana siku ya tatu watu huteremka ngazi kwa kinyumenyume. Waongoza wageni na wapagazi hawapati maumivu hayo kwa sababu mwili uliokwisha kupitia kazi hiyo hujikinga nayo kwa wiki kadhaa. Wewe pia utajikinga, mradi usifanye kazi ya wiki nzima ndani ya siku mbili za kwanza.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo sebule haina wa kuitangaza. Msuli uliopondwa kupita kiasi huvunjika na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, na figo hulemewa. Dalili yake ni mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokolea kama soda nyeusi, pamoja na misuli iliyovimba na kukosa nguvu. Mtu akiona hivyo haendi kulala akisubiri kesho. Anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile maumivu ya kifua, yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, na kizunguzungu kisichoisha ukikaa: zima video na mwite mtu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kama mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajui. Kupima ni dakika tano na gharama yake ni ndogo. Sioni sababu yoyote ya mtu aliyevuka miaka 40, au mwenye ndugu wa presha na kisukari, kuanza programu hii kabla ya kupima.

Sakafu nayo inahitaji kutazamwa. Shaun T na wenzake wanaruka kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo. Sebule nyingi za Arusha ni saruji au vigae vilivyobandikwa juu ya saruji, na kigae kilicholowa jasho kinateleza. Mkeka mwembamba wa plastiki unasogea na unazidisha hatari. Bora kapeti lililokaa vizuri, au kipande cha nyasi uani kama mwenye nyumba anaruhusu. Raba za mtumba za soko la Kilombero zinaweza kuwa nzuri kabisa kwa nje huku povu la soli limekwisha kukauka kwa uzee: bonyeza soli kwa kidole gumba, na isipobonyea, ziache za kuendea sokoni. Kinachotangulia kuchoka si msuli. Moyo na misuli hujengeka kwa wiki, lakini kano na mifupa huchukua miezi, na pengo hilo ndilo linaloleta maumivu ya muundi na goti kuanzia wiki ya tatu hivi, wakati mtu anajisikia ana nguvu kuliko wakati wowote. Simu inasaidia hapa. Iegemeze kwenye stuli, jirekodi dakika moja ukiruka, kisha tazama polepole: magoti yanafuata uelekeo wa vidole vya miguu au yanakutana katikati? Visigino vinagusa chini kwa utulivu au unasikia kishindo? Kishindo kinamaanisha ushuke daraja siku hiyo. Kila zoezi la kuruka linaweza kufanywa kwa kupiga hatua badala ya kuruka, na moyo utafanya kazi vizuri tu.

Jambo linalonisumbua zaidi kwenye ratiba yenyewe ni ukali wake wa kila siku. Linganisha na wakimbiaji wa hapa: Alphonce Simbu, ambaye Arusha imekuwa kambi yake kwa miaka mingi, alipata shaba ya dunia ya marathoni London mwaka 2017, na Septemba 2025 akashinda dhahabu Tokyo kwa saa 2:09:48, akitofautiana na Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ya sekunde. Wakimbiaji wa masafa marefu wa kiwango hicho hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao, mara nyingi karibu asilimia 80, kwa mwendo wanaoweza kuzungumza. Siku kali ni chache na huheshimiwa. Ukiamka mapema barabara ya kwenda Ngaramtoni utawaona wanapita taratibu, na asiyejua anaweza kudhani amewapata. Sasa karani anayekaa kwenye kiti saa tisa kwa siku anapewa siku kali sita kwa wiki. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kufanya video siku tatu, na siku za katikati atembee mlima: panda kuelekea Ilboru hadi uanze kuhema, kisha rudi. Siku 60 zitakuwa 120, na magoti yatafika yote mawili.

Kuhusu uzito, watu wategemee kidogo kuliko jalada linavyoahidi. Somo la dakika 40 kwa mtu wa kilo 70 hutumia takriban kilokalori 350 hadi 500. Chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari zinaweza kuzirudisha zote kabla jua halijapanda, na chupa moja ya soda peke yake ina kama 150. Wiki mbili za kwanza mizani inaweza hata kupanda, kwa kuwa misuli iliyoumia huhifadhi maji na mwili huongeza majimaji ya damu. Hilo la pili ni habari njema, ingawa huwakatisha watu tamaa. Mabadiliko ya kweli yanaonekana kwingine: mapigo ya moyo ya asubuhi yanapungua, ngazi za ofisini hazikukatizi tena mazungumzo, unalala usingizi mmoja hadi alfajiri. Usiache kula kwa kutaka matokeo ya haraka. Bakuli la loshoro au sahani ya makande baada ya mazoezi ni chakula halisi cha kazi.

Na siku ya 61? Hapo video imekwisha na wengi hukaa. Uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka ndani ya wiki mbili hadi nne za kukaa bure, na nimeona watu wakianza upya kila Januari. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima, na vikundi vya jogging vimeshika mitaa mingi. Vikundi hivyo vina kile ambacho sebule haina, yaani mtu wa kuuliza kwa nini hukuja. Mazoezi makali, nayo, hayahitaji kuendelea kwa siku sita. Mwaka 1981 Robert Hickson na mwenzake walichapisha matokeo ya watu waliofanya mazoezi magumu ya dakika 40, siku sita kwa wiki, kwa wiki 10, ratiba inayofanana sana na hii. Kisha wakapunguziwa hadi siku nne au mbili kwa wiki, ukali ukabaki uleule. Wiki 15 baadaye uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa haujashuka. Aliyemaliza Insanity salama anaweza basi kubaki na video mbili tu, Jumanne na Ijumaa, na Jumamosi akatoka na wenzake.